Chatu Aliyetaka Dirisha Moja

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa na nini?

— Pakawa na mwamba.

Mwamba una nini?

— Una shimo la pimbi.

Shimo lina milango mingapi?

— Miwili. Mmoja wa kuingilia, mmoja wa kukimbilia.

Basi ketini vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Pimbi ni mnyama asiyemzidi paka, na ana desturi moja. Wenzake wakiota jua, mmoja hukaa juu ya mwamba akilinda. Akiona hatari hupiga mluzi, fyiii, na wote wakaingia shimoni. Mlinzi wa mwamba huu alikuwa Bi Pimbi. Lakini mluzi haufiki mbali, na mwaka ule ukame uliwatawanya wanyama bonde zima. Kwa hiyo Bi Pimbi akafungua tovuti.

Kila alfajiri alitazama pande zote, akatazama tena, ndipo akaandika: maji yako wapi, Chatu amelala wapi, siafu wanapita wapi. Hakuandika asichokiona. Koma ikikaa vibaya, hapati usingizi. Wanyama wakazoea, hakuna aliyekwenda kunywa kabla ya kusoma.

Chini ya habari palikuwa na matangazo. La Chatu lilisema: KIVULI NA MAJI KISIMANI, BURE, NJOO PEKE YAKO. Ukilibonyeza, ta, linafungua dirisha jipya. Unatazama, unacheka, unalifunga. Habari ya Bi Pimbi bado ipo pale nyuma inakungoja, kama kiti ulichokiwekea khanga, na ndani yake imeandikwa Chatu amelala wapi. Kwa hiyo wageni wa tangazo walikuwa wengi, na tumbo la Chatu lilikuwa tupu.

Siku moja, sssaa, sssaa, Chatu akapanda mwambani. Akajiviringisha kwenye mguu wa mnara wa simu.

"Bi Pimbi, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Chatu. Umejisumbua mwenyewe mpaka huku?"

"Tangazo langu nalitaka juu kabisa. Na sitaki dirisha jipya. Lifunguke palepale, kwenye dirisha lilelile la habari."

"Msomaji atapotea, Bwana. Atakuwa hajamaliza kusoma."

"Madirisha mengi yanawachanganya wasomaji. Mimi nawaonea huruma." Akajikaza kidogo. Krrr, chuma kikalia. "Huu mnara ni wa zamani, eti?"

Mnara ukivunjika, hakuna habari kwa yeyote. Bi Pimbi akatazama chuma, akatazama bonde, akabadilisha.

"Na kwenye ukurasa wangu," Chatu akasema akishuka, "kitufe cha kurudi nimekiua. Mgeni mwema haagi mapema."

Sasa, mtandao wa bonde lile ulikuwa wa kusuasua. Ukurasa ukishaondoka, kuuita tena ni muda wa kuivisha maharage.

Kanga akafungua habari. Akaona tangazo, akabonyeza, ta. Habari ikaondoka. Akabonyeza kurudi, hairudi. Akaona uvivu kungoja, akaenda kisimani. Hakuonekana tena.

Ngiri akafungua habari. Akaona tangazo, akabonyeza, ta. Habari ikaondoka. Akabonyeza kurudi, hairudi. Akaona uvivu kungoja, akaenda kisimani. Hakuonekana tena.

Bi Pimbi akaacha kula. Kila alfajiri aliandika, na kila alfajiri alijua kwamba anachokiandika kimefunikwa. Akilala, anasikia ta.

Asubuhi moja akiwa juu ya mwamba akamwona shoga yake Digidigi, yule swala mwembamba mwenye miguu kama vijiti, anakwenda kisimani peke yake, simu mdomoni. Bi Pimbi akapiga mluzi, fyiii. Upepo ukauchukua. Akapiga tena, fyiii. Nyasi za kisimani zikatikisika, gubi, na Digidigi hakuwepo.

Akampigia simu. Tumboni mwa Chatu ikalia, kriii, kriii.

"Shoga," Digidigi akasema, "hebu nieleze, niko wapi?"

"Umo tumboni mwa Chatu."

"Ahaa. Nimetafuta dirisha, huku hakuna."

"Unapumua?"

"Kidogo. Amenimeza haraka, hata hakunibana."

"Basi nyamaza, usimalize pumzi."

Bi Pimbi akatazama pande zote, akatazama tena. Nyuma ya mgunga, ardhi ilikuwa inatembea. Chwa, chwa, chwa. Siafu.

Zamani chatu alikuwa mwangalifu kwa jambo hili. Kabla ya kumeza alizunguka mahali pote akikagua kama kuna siafu, maana chatu aliyeshiba hawezi kukimbia, na siafu hawaachi hata mifupa. Lakini Chatu huyu aliitegemea tovuti ya Bi Pimbi. Siku hizi alimeza kwanza, akasoma baadaye.

Kwa hiyo Bi Pimbi akaandika, na kama kawaida yake hakudanganya: siafu wako wapi, wanaelekea wapi, njia iliyo salama ni ipi. Kisha akagusa tangazo la juu. Akaondoa yale maneno ya kivuli na maji. Akaweka picha ya Chatu mwenyewe, inang'aa, na maneno: BWANA CHATU, MPENDWA WA BONDE. TAZAMA WAGENI WAKE. Dirisha akaliacha lilelile moja, kama alivyoagizwa.

Kule chini Chatu akajinyoosha, akafungua simu. Habari ikaja polepole. Juu yake akaona sura yake.

"Leo nimetoka vizuri," akasema. Akabonyeza, ta.

Habari ikaondoka. Akabonyeza kurudi, hairudi. Akabonyeza tena.

Chwa, chwa, chwa.

"Bi Pimbi," Chatu akapaza sauti, maana upepo ulikuwa umetulia, "ile habari ya siafu ilisemaje?"

"Ilisema vizuri tu, Bwana. Rudi uisome."

"Kitufe hakirudishi."

"Hata akina Kanga hakikuwarudisha."

"Niambie kwa mdomo basi."

"Nikikwambia utafanyaje? Mwenye mzigo hakimbii. Tua mzigo kwanza."

"Huu si mzigo, ni chakula changu."

"Haya. Karibu wageni."

Chatu akageuza kichwa kushoto, akasikiliza. Akageuza kulia, akasikiliza. Chwa, chwa, kila upande. Tumbo likalia, kriii. Siafu wa kwanza akamng'ata mkiani. Wa pili akamng'ata palepale. Wa tatu hakuhesabiwa.

Chatu akaachama. Hok. Hok. Hook. Digidigi akatoka kichwa mbele, ameloa kama nguo isiyokamuliwa, simu bado ameing'ang'ania kwa meno. Akayumba, akakimbilia mawe.

"Kaskazini, Bwana," Bi Pimbi akasema. "Pitia juu ya mawe. Ndivyo ilivyoandikwa."

Chatu akaenda kaskazini, sssaa, sssaa, bila kuaga. Mnarani hakupanda tena. Siku ileile kila tangazo la tovuti ile likapewa dirisha lake.

Jioni Bi Pimbi alikuwa akimfuta shoga yake ute masikioni.

"Kwani kwa nini ulibonyeza?"

"Tangazo liliandikwa BURE."

Kesho yake alfajiri, Bi Pimbi akamkuta Digidigi ameinamia simu. Ta.

"Shoga."

"Natazama tu," Digidigi akasema. "Habari yako iko hapa nyuma, sijaiacha."

Ngano yangu imetokea mlango wa pili. Ikiwa tamu, ibebeni nyote. Ikiwa chungu, niachieni niimeze peke yangu. Na kwa kuwa ngano haiagwi bila funzo, funzo ni hili: madirisha mengi yanawachanganya wasomaji, kama alivyosema Bwana Chatu, na mgeni mwema mlango mmoja unamtosha. Asiyeamini akamuulize Kanga.