Kwa Nini Mama Huitwa kwa Jina la Kifungua Mimba

Zamani hizo jina la mama lilikuwa halitulii. Mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, aliitwa kwa jina la mtoto huyo. Akizaa wa pili, jina lilihama. Akizaa wa tatu, likahama tena. Mtu aliyesafiri mwaka mzima, akirudi, ilimbidi aulize kwanza nani kazaa, ndipo ajue jinsi ya kumsalimu jirani yake. Hakuna aliyeona ubaya. Mtoto mchanga ndiye furaha ya nyumba, walisema, na ni haki yake kumpa mama jina. Basi sikilizeni, wanangu mliokuja kumtazama mtoto, mjue kwa nini nimemkatiza mwenzenu pale mlangoni alipomwita binti yangu kwa jina la huyu mchanga.

Kule kwenye vilima vya Taita, upande ambako ukungu hukawia kuondoka, waliishi Mghoi na mumewe Maghanga. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Wakesho, ambaye hajatimiza miaka mitatu. Mghoi aliitwa Mama Wakesho, na mtoto alilipenda jina hilo kuliko chakula. Jirani akiita kutoka ng'ambo ya shamba, "Mama Wakesho!", mama aliitika, "Abee!" Na mtoto, popote alipo, hata akiwa kajificha nyuma ya ghala, naye aliitika, "Abee!", maana alijua nusu ya jina ni yake. Wengine walikuwa wakiita bila haja yoyote, wasikie tu zile sauti mbili.

Majira ya palizi, Mghoi akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo hakulala ila akiwa amepakatwa. Akiwekwa kwenye mkeka analia, akinyonya anacheua, akicheua anataka kunyonya tena. Wakesho, aliyekuwa ameshaacha kujikojolea, akaanza upya. Alitaka abebwe mgongoni. Alitaka titi ambalo aliliacha tangu mwaka uliopita. Mama akiinama kuchochea moto, yeye ananing'inia kwenye shuka lake. Siku moja alimletea ndugu yake maharagwe mdomoni mwake mwenyewe, ameyatafuna vizuri, akataka kumlisha. Bibi yake, Wawasi, akamvuta mkono kwa nguvu. "Utamsonga! Kaa kando!"

Mghoi hakuwa mama mbaya. Alikuwa amechoka.

Siku ya kumpa mtoto jina, watu walijaa uani. Bibi Wawasi akamwinua mchanga juu na kusema, "Huyu ni Righa. Na mama yake, kuanzia leo, ni Mama Righa." Vigelegele vikapigwa. Vilipotulia, Wakesho akajipenyeza katikati ya miguu ya watu, uji umemkaukia kidevuni.

"Si Mama Righa," alisema. "Ni Mama Wakesho."

Watu wakacheka, bila nia mbaya.

"Lako limekwisha, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Sasa ni zamu ya mtoto."

"Litarudi lini?"

"Halirudi."

Mghoi naye alicheka pamoja na wengine. Kicheko hicho alikuja kukijutia.

Siku zilizofuata, kila jirani alipoita, Wakesho alifungua kinywa aitike, kisha akakifunga. Mwishowe akamwendea bibi yake na kumuuliza Righa alitoka wapi. Wakati huo watu hawakuwaambia watoto mambo ya uzazi. Wawasi akampa jibu ambalo watoto wote walipewa: "Mkunga alimwokota kijitoni, kule penye mawe."

Asubuhi moja Mghoi alifanikiwa kumlaza Righa mkekani, akatoka nyuma ya nyumba kuanika maharagwe. Hakukaa sana. Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Aliita, "Wakesho!" Kimya. Kwenye njia ya kuteremka, udongo ukiwa bado na umande, aliona nyayo ndogo, na kando yake alama ya shuka lililoburutwa. Akakimbia.

Aliwakuta kijitoni. Wakesho alikuwa ameanguka njiani zaidi ya mara moja, magoti yanamtoka damu, lakini hakumwachilia mtoto. Alimlaza juu ya jani la mgomba katikati ya mawe mawili, mahali ambapo maji ni machache, ila maji machache ya mlimani ni baridi, na yalikuwa yamelowesha shuka mpaka kifuani. Righa alikuwa ameacha kulia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu.

Wakesho alimwona mama yake, akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nimemrudisha," alisema. "Mama Wakesho, twende nyumbani."

Mghoi alimnyakua mchanga akambana kifuani. Hofu ndiyo iliyosema.

"Usiniite hivyo! Mimi si mama yako! Mimi ni Mama Righa, unasikia? Mama Righa!"

Akageuka, akapanda mlima mbio bila kutazama nyuma. Mtoto wa miaka isiyotimia mitatu alibaki peke yake kwenye maji. Jua lilikuwa limeshapinda alipofika nyumbani. Hakuingia ndani. Alikaa mlangoni, na aliyepita alimruka.

Righa alikohoa siku nyingi. Mghoi hakumweka chini. Alimkanda kwa mafuta, akakaa naye karibu na moto, akampa dawa za majani kwa ncha ya kidole. Maghanga alikuwa akihangaika kutafuta waganga. Siku ya tano akaja Mkamburi, dada yake Maghanga, kuwajulia hali. Alimwona Wakesho pale mlangoni, hajaoga, hajachanwa nywele. "Nitakaa naye mpaka mdogo wake apone," alisema, akamchukua kwenda kwake, ng'ambo ya kilima cha pili. Mghoi aliitikia kwa kichwa tu.

Righa akapona. Lakini kisha mvua zikaja, njia ikabomoka, na baada ya mvua kukawa na mavuno. Mghoi alisema, kesho nitakwenda. Ikapita miezi minne.

Alipofika hatimaye, Righa mgongoni, alimkuta Wakesho akifagia uwanja wa shangazi yake kwa kifagio kidogo. Mtoto alikuja mbio, akapokea kikapu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Righa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomsalimu mke wa jirani.

"Wakesho, mimi ni mama yako."

"Ndiyo, Mama Righa."

Mghoi akamrudisha nyumbani. Mtoto alikuwa mtiifu, na alimpenda Righa mno. Alimbeba kutwa, na hakuna aliyejua kumnyamazisha kama yeye. Siku moja Mghoi alipiga magoti mbele yake. "Nilisema kwa hofu, mwanangu. Nilikosea. Niite kama zamani." Wakesho alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta machozi kwa kiganja.

"Usilie, Mama Righa," alisema.

Haukupita muda, jirani mmoja akajifungua mtoto wa pili, na watu wakakusanyika kumpa jina. Bibi Wawasi, mzee wa kutoa majina kilimani pale, alipoanza kutamka jina jipya la mama, Mghoi akasimama. "Msimvue kifungua mimba jina lake," alisema. Akawaeleza yote, na hata jambo ambalo hakuwahi kumwambia mumewe: kwamba alimwacha Wakesho kijitoni, akaondoka. Kila mwanamke alikuwa akiwaza wakubwa wake mwenyewe, waliokuwa wakicheza nje. Bibi Wawasi, ambaye ndiye aliyesema halirudi, aliketi chini na kujifunika uso kwa shuka. Kisha akaagiza kifungua mimba wa nyumba ile aitwe, akampakata kwanza kabla ya yule mchanga, na kusema jina la mama lisihamishwe tena, pale wala popote.

Na tangu siku hiyo mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, azae wawili au kumi. Kifungua mimba akihamia mbali, jina linabaki. Hata akifa, linabaki. Mghoi naye alirudishiwa lake. Kilima kizima kilimwita Mama Wakesho, wakubwa kwa wadogo, Righa mwenyewe alipokuwa mtu mzima, na wajukuu, na waliombeba siku ya kuzikwa. Wote walimwita hivyo, isipokuwa mtu mmoja.