Kiboko Aapia Mpira Usio Wake

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Wa nyuma mmelala? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Kaondokea kampira keupe, kakaacha kwao kakahamia shimoni. Niendelee, nisiendelee?"

"Endelea, tunakufuata!"

Haya. Hapo kale, binadamu hajaijua gofu, wanyama walikuwa wakiicheza. Walikuwa na uwanja wa majani mafupi, na katikati ya uwanja palikuwa na bwawa. Mchezo wenyewe ni huu: una fimbo, una mpira mdogo mweupe, na kule mbali kuna shimo lenye kibendera. Unaupiga mpira mpaka uingie shimoni. Aliyepiga mara chache ndiye mshindi. Rahisi, sivyo? Rahisi, kama huchezi na Kiboko.

Mwenzake akiinua fimbo, Kiboko anakohoa: kho, kho, khooo! Mwenzake akilenga shimo, Kiboko anasogea, kivuli chake kinafunika shimo na kibendera chake. Mwenzake akikosa, Kiboko anamshika bega: "Pole, ndugu yangu. Shida yako ni kiwiko."

Na Kiboko alikuwa na jambo lake jingine. Mpira wake ukiruka, unaingia vichakani, vuu! Lakini akifika mbele, anaupata kwenye majani mazuri, karibu na shimo. "Ahaa, huu hapa!" Na mpira wa mwenzake? Haupo. Umepotea. Mipira yote ni myeupe, nani atabisha? Atabisha nani na mdomo ule?

Sasa, kila mwaka kabla ya kiangazi kulikuwa na mashindano makuu. Mshindi ndiye aliyepanga nani anywe bwawani lini. Kila mwaka Kiboko alishinda. Kila mwaka Kiboko alijipanga wa kwanza. Anaingia, anaoga, anajisaidia humo humo, ndipo wadogo wanaitwa wanywe.

Chini ya kichuguu kimoja uwanjani aliishi Nguchiro na watoto wake. Kiangazi kilichopita kitinda mimba wake aliumwa tumbo mpaka akabaki macho na mkia. Siku moja akamuuliza baba yake, "Baba, mwaka huu maji tutayanywa au tutayatafuna?"

Lile swali Nguchiro alilala nalo, akaamka nalo.

Wanyama walipokutana, Mwamuzi Korongo akauliza, "Mwaka huu nani atacheza na Bwana Kiboko?"

Swala akatazama mawingu. Ngiri akatazama kwato zake.

"Mimi," akasema Nguchiro.

Wakacheka mpaka Nyani akaanguka mtini, puu! "Wewe? Fimbo yenyewe ni ndefu kuliko ukoo wenu!"

Kiboko ndiye aliyecheka zaidi. Nguchiro akarudi kwake, vicheko vikimfuata. Hata hivyo, alikuwa ameishi pale uwanjani maisha yake yote, na mambo ya Kiboko alikuwa ameyaona kwa macho yake, kupitia tundu za kichuguu. Akaenda kwa jirani yake, Kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kama umekuja kula mayai yangu, nitakudonoa."

"Nimekuja kuomba lile lisiloanguliwa."

Kanga akageukia kiota chake. Lilikuwepo yai moja, viza, weupe wake kama mpira. "Nimelilalia mpaka miguu ikafa ganzi," akasema taratibu. "Likanidanganya. Basi lichukue, likamdanganye mwingine."

Siku ya mashindano, watu, uwanja ulifurika! Wengine walilala pale pale ili wapate nafasi ya mbele. Nyani walijaa mitini wakitafuna karanga. Korongo akipaza sauti "Kimyaaa!", hata nzi wanatua. Mpira ukipigwa, wote wanapiga mbio kwenda kuona umeangukia wapi, gidi gidi gidi!

Wakacheza. Kiboko alikohoa, Nguchiro akasubiri. Kiboko alimwaga kivuli, Nguchiro akasubiri. Wakafika shimo la mwisho wakiwa sawa sawa.

Kiboko akapiga. Vuu! Vichakani.

Nguchiro akaupa mpira mgongo, akapitisha fimbo katikati ya miguu ya nyuma, vile ukoo wake unavyovurumisha mayai kwenye mawe. Fyuu! Mpira ukaenda vizuri, ukajificha nyuma ya kituta kidogo, hatua chache tu kutoka kwenye kibendera.

Umati ukatimua mbio. Nguchiro akateleza ndani ya shimo la kichuguu, akapita chini kwa chini, akilisukuma yai kwa pua. Harufu ilikuwa imeanza kupenya, lakini nguchiro ni nguchiro: mate yakamtoka hata hivyo. Akaibuka karibu na kibendera, akaliweka yai kwenye majani, akazama tena. Kabla vumbi halijatulia, alikuwa nyuma ya umati, anahema kama wengine.

Kiboko akafika. Akaona kitu cheupe. Uso ukamng'aa.

"Ahaa, huu hapa mpira wangu!"

"Mzee," akasema Nguchiro, "una hakika?"

"Naujua kama ninavyoyajua meno yangu!"

"Hebu apa basi, watu wasije wakasema."

Kiboko akageukia umati, akatanua kifua. "Naapa kwa kichwa cha mama yangu! Mpira huu ni wangu, na nitaucheza mpaka uingie shimoni!"

"Tumesikia," akasema Korongo, kwa sauti ndogo.

"Basi wangu ni ule nyuma ya kituta," akasema Nguchiro.

Kiboko akainua fimbo. Alitaka kuugusa tu. Lakini mguso wa Kiboko ni mchi kwenye kinu.

PWAAA!

Yallah! Harufu! Nyani walidondoka kama maembe. Ngiri, ambaye hulala matopeni, akaziba pua. Ute mmoja mrefu uliruka ukamvaa Korongo kifuani, kwenye manyoya aliyoyachana tangu alfajiri.

"Huu si mpira wangu!" akanguruma Kiboko. "Nimechezewa!"

Korongo akalitazama lile doa. Miaka yote alikuwa akimwogopa Kiboko. Siku ile hasira ikaipita hofu, ikaiacha mbali. "Umeapa," akasema. "Ni wako. Uingize."

"Umeapa!" umati ukaitikia. "Uingize!"

Basi Kiboko akaanza. Akisukuma ganda, kiini kinabaki. Akisukuma kiini, ute unabaki. Chwa! Chwa! Chwa! Siafu wakaja wakabeba kilichobaki, na Kiboko akawakimbiza kwa fimbo, kila pigo likihesabiwa.

Nguchiro akausogelea mpira wake. Akamkumbuka mwanawe. Akalenga. Kiboko akavuta pumzi ili akohoe, akaivuta ile harufu yote kifuani, macho yakamtoka, akakaa chini tii! Nguchiro akausukuma mpira. Ukazunguka mdomo wa shimo, ukasita, watu wakashika vichwa.

Kotoko! Ukaingia.

Kiangazi kile kitinda mimba alikunywa wa kwanza. Alikunywa kwanza kidogo, kwa mashaka. Halafu akaingiza kichwa kizima.

Na funzo la ngano hii, wanangu, ni hili: gofu ni mchezo wa waungwana, na mwongo hashindi kamwe. Nguchiro mwenyewe hulihubiri funzo hili kila kiangazi, tena kwa uso mkavu kabisa. Anayetaka kuniuliza swali juu yake, huyo ana usingizi, apelekwe akalale.

Ngano yangu imefika shimoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitafune mwenyewe.