Mtamba wa Mzee Kaniki

Sogeeni jamani; hadithi ninayo, hukumu sina.

Palikuwa na marafiki watatu, kila mmoja na alichojaliwa na Mungu. Semkiwa alijua kutunga michezo ya jukwaani. Shemhilu alikuwa na sauti ya kuliza watu. Kilua, kijana mpole wa kwaya, alikuwa na uso unaogeuka apendavyo.

Semkiwa akatunga mchezo wa msiba: mfalme mwema anatiliwa sumu na ndugu yake mwenye wivu. Hakumfanya muuaji zimwi. Alimpa maneno matamu, ukimsikiliza unaona kama ana haki.

Shemhilu akawa mfalme. Alipokipokea kikombe na kumshukuru nduguye, kina mama walijifuta machozi kwa kanga.

Nafasi ya muuaji wote waliikimbia, Kilua akaichukua. Alitabasamu huku akikoroga sumu, ukumbi ukazizima. Mtazamaji akarusha kiatu jukwaani, wengine wakapiga kelele: "Mshenzi wewe! Usinywe, baba, usinywe!"

Mfalme alipokufa, akasimama kati ya watazamaji Mbelwa, aliyemdhulumu mdogo wake shamba la urithi wa babu yao. Akamwendea mdogo wake pale alipokaa, akapiga magoti. "Nimemlilia mfalme," alisema, "lakini yule mwenye kikombe ni mimi. Nisamehe. Shamba chukua."

Asubuhi Mzee Kaniki, baba wa ndugu hao wawili, akawaletea wachezaji mtamba wa shukrani. Kwao ng'ombe wa shukrani hachinjwi, hauzwi, hagawanywi. Huingia zizi moja tu.

"Bila maneno yangu mngesema nini?" Semkiwa akacheka.

"Na bila kifo changu," akajibu Shemhilu, "huyu Kilua angechukiwa kwa lipi?"

Kilua hakucheka. Mama wa mchumba wake alikwisha tamka: "Mtu hawezi kuujua uovu vile kama hanao. Binti yangu simpi." Mtamba angeingia zizini kwake, mama yule angeona anavyoheshimiwa, na huenda angelegea. Angenyamaza tu, huenda angepewa yeye, kwa kuwa Mbelwa alijiona katika uso wake. Moyo ukamkatalia.

"Ndugu zangu, ule wivu sikuuigiza," alisema. "Shemhilu, kila walipokupigia makofi nilikuchukia. Jana niliutoa wote pale jukwaani. Mungu anirehemu."

Shemhilu akamtazama. "Kumbe ndiyo maana kikombe kilinitetemesha kweli."

Mzee Kaniki akabaki na kamba mkononi, hajui ampe nani.

Je, wewe ungempa nani: aliyeutunga uovu ule, aliyekufa kwa uovu ule, au aliyekuwa nao kweli, akautoa mbele za watu? Amua. Ila kabla hujajibu, nakuomba umwombee Kilua.