Sultani Aliyetwaa Akili za Watu

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko kazi za kuwapa, palikuwa na mji ukiitwa Vumbeni, na sultani wake akiitwa Zahrani. Hakuwa mtu mbaya sana, ila alikuwa na ule ugonjwa wa wakubwa: hakuweza kushindwa mbele ya watu akalala usingizi.

Mjini mwake palikuwa na desturi ya harusi. Ngoma ya gungu ikichezwa, malenga husimama akafunga fumbo kwa wimbo, na atakaye hujaribu kulifungua. Naye akikosea, hutwaa sinia la kahawa akawapitishia wageni wote, awe mtumwa, awe tajiri. Basi siku ya harusi ya mpwawe Sultani akasimama Mize, malenga ambaye bila tungo zake harusi ya Vumbeni haikuhesabiwa kuwa harusi, akaimba:

Nina kitu maungoni, hakizuiwi na kuta,
Ukinifunga chumbani, chaendelea kupita.

Sultani akawahi kabla ya wote, akasema kwa sauti kubwa ya kwamba ni kikohozi. Watu wakajiuma midomo. Nyanyake bibi harusi akasema kwa upole, "Ni akili, mwanangu." Ikawa Sultani hana budi kutwaa sinia, akazunguka na kahawa mbele ya raia zake, na kila aliyepokea kikombe alitazama chini asije akacheka.

Asubuhi yake akamwita Waziri Sudi, bingwa wa kupamba maneno, akamtungia amri, nayo ikapigiwa mbiu mji mzima: "Tangu leo akili ya Vumbeni ni moja, nayo ni ya Sultani. Mtu asifikiri, asikate shauri, wala asitunge wimbo, ila kwa amri yake. Atakayetumia akili yake mwenyewe atakatwa kichwa." Na Mize akatiwa gerezani, akahukumiwa kukatwa ulimi siku ya Ijumaa.

Huyo Mize alikuwa na ndugu yake mdogo, Ngwali, msokota kamba za makumbi ya nazi, fukara wa kutupwa. Watu walimhesabu mpumbavu, maana aliuliza wazi yale ambayo wenzake waliona haya kuyauliza. Mize ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Basi Ngwali alipoisikia hukumu alilia sana, na alipokwisha kulia akafunga mlango wake, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu neno lile lile: amri ni amri, tuitii yote, tusibakize hata kipande. Wengine hawakumwelewa. Waliomwelewa wakawaeleza wenzao, taratibu, huku wakiziba vinywa kwa viganja.

Hata Ijumaa asubuhi Sultani alikuwa ameketi barazani kwake akinyolewa, kama ilivyokuwa ada yake. Ngwali akaingia na muhogo mkononi, akapiga magoti.

"Bwana wangu," akasema, "nina njaa, na huu ni muhogo. Niumenye kwanza ama niuchemshe kwanza?"

Sultani akacheka, akamwambia aumenye. Ngwali akauliza aanzie ncha ipi, akaambiwa. Akauliza kisu akishike kwa mkono gani, na ganda alitupe ama alihifadhi, na je, akimaliza kumenya, bado atakuwa na njaa? Sultani akaanza kukunja uso, lakini nyuma ya Ngwali alikwisha fika mpishi wa jumba, akitaka kujua kama moshi ule jikoni ni wali unaoungua ama ni moshi tu. Akafuata mchunga punda, punda wake kaingia bustani ya Sultani, naye anaomba kuamriwa kama amfukuze ama amwache amalize mchicha. Wakaja wanawake wawili waliokuwa wakigombana tangu alfajiri, wanauliza waendelee ama wapatane, na wakipatana, nani aanze. Ikawa uwanja umejaa, na kila mtu ana swali lake, na kila mtu ana adabu zake, anangoja zamu. Na kinyozi, aliyekuwa amemaliza upande wa kulia, akainua wembe akasimama.

"Mbona umeacha?" Sultani akamwuliza.

"Naona upande wa pili una nywele, bwana," akasema kinyozi. "Lakini kwamba zafaa kunyolewa, hayo ni mawazo yangu mimi, na kichwa changu nakipenda."

Sultani akamwamuru azinyoe. Kinyozi akataka kuelezwa wembe uende juu ama ushuke, na utakapofika kwenye sikio, ulizunguke ama uendelee tu. Sultani akautazama ule wembe, akakumbuka ya kuwa aliyeushika amekatazwa kufikiri, akamsukumia mbali. Akamgeukia Waziri Sudi, akamwomba shauri.

Waziri akapiga magoti. "Lilinijia shauri zuri sana, bwana wangu, nikalifukuza." Wala hakuwa akifanya mzaha, maskini, yeye peke yake katika uwanja ule aliogopa kweli kweli.

Harufu ya wali ulioungua ikaingia barazani. Na hapo ndipo mlinzi wa gereza alipomleta Mize, mikono imefungwa kamba, na mwenye kisu nyuma yake. Ngwali akamtazama dada yake. Mchezo wote ule alikuwa ameucheza kwa ajili ya saa hii, na sasa hakuwa na hakika ya lolote. Lakini yule mlinzi alikuwa ameimbiwa na Mize siku ya harusi yake. Akainama mbele ya Sultani.

"Bwana, nimeamriwa nimlete Mize. Nimemleta mwanamke. Kama ndiye ama siye, sithubutu kuamua. Na huyu mwenzangu anauliza, katika vilivyomo kinywani, ulimi ni kipi?"

Sultani akasimama, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele, punda analia bustanini, na watu wote wamemkazia macho wakingoja kufikiriwa. Akapiga kelele, "Niondokeeni! Kila mtu na aamue mwenyewe!"

Ngwali akamgeukia mpiga mbiu, akamwuliza kama ameisikia amri ya Sultani. Mpiga mbiu alikwisha kimbilia sokoni, na mbiu ikaanza kulia. Mlinzi wa gereza akafikiri kidogo, akamfungua Mize mikono. Mwenye kisu naye akafikiri, akaenda zake nyumbani.

Waziri akamnong'oneza bwana wake aitangue amri ile upesi, kabla haijaenea. Ngwali akasikia, akasema kwa unyenyekevu, "Waweza, bwana. Ni neno moja tu. Ila kinyozi bado amesimama."

Sultani akajipapasa kichwa, kulia, kisha kushoto. Akaketi. Akamwambia kinyozi, kwa sauti ya chini, "Nyoa ujuavyo."

Basi Mize akarudi kwake na ulimi wake, na ulimi ule haukupumzika. Akatunga, na wengine wakatunga, si za harusi tu: wakaimba kwa nini ushuru wa mnyonge ni sawa na wa tajiri, na kwa nini binti haulizwi kabla ya kuozwa. Kadhi naye alizoea kukata hukumu na kuondoka, sasa watu humshika kanzu wakataka sababu, na asipokuwa nayo hurudi kuketi. Vumbeni ukawa mji wa kelele nyingi, na wageni walioupitia hawakutaka kuondoka.

Sultani akamwita Ngwali barazani, akamtandikia kanzu ya hariri na kilemba, akasema cheo cha uwaziri ni chake.

"Bwana wangu," Ngwali akasema, "waniamuru, ama waniuliza?"

Katika maisha yake yote Sultani hakuwahi kumwuliza mtu kama anataka ama hataki.

"Nakuuliza," akasema.

"Basi sitaki."

Waziri Sudi akafumba macho. Lakini Sultani akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ubavu, na baraza zima likacheka naye. Ngwali akaaga akaenda zake. Kanzu akaichukua, maana hiyo aliitaka.