Jumbe Asiyekwenda Chooni

Zamani hizo, zamani yenyewe ikiwa bado haijaota meno, mambo yalikuwa. Semeni yalikuwa. Na wewe unayechezea kidole cha mguu, sema.

Palikuwa na mji ukiitwa Fungujuu, na katika mji huo Jumbe hakwenda chooni. Msicheke, ndiyo mila yao. Haja ni za watu wadogo, Jumbe hana. Na choo kilikuwa ng'ambo ya ua, na ua ndio uliokuwa baraza, kwa hiyo kukiendea ni kupita mbele ya mji mzima. Basi Jumbe Shomari alikaa kitini tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Tumbo likamwita, asiitike. Likaita tena, asiitike. Mwisho likachoka kuita.

Na chakula chake kilikuwa nyama na wali mweupe, nyama na wali mweupe. Majani waliyaita chakula cha mbuzi na wapagazi. Siku nne zikapita, siku sita, siku tisa, tumbo limewambwa kama ngoma. Na hukumu za mtu aliyefunga choo, wajukuu zangu, msiombe ziwakute. Aliyeiba kuku alichapwa kama aliyeiba ng'ombe.

Mpishi wake alikuwa Mwanamkasi, mjane, miaka thelathini mbele ya mafiga. Kibanda chake nyuma ya jiko ndicho alichokuwa nacho duniani. Siku moja anaosha vyungu, akamsikia Waziri Kingwaru akisema, "Mwinyi, tumbo hili limefungwa. Nani anakipika unachokula?"

Jumbe akajibu, "Mwezi ukiandama nami ni hivi hivi, atatoka mjini."

Mwanamkasi hakulia. Machozi yake moshi ulikwisha kuyamaliza. Alijifuta mikono akaenda kwa Bibi Kesarbai, mwanamke wa Kihindi aliyeuza dawa za kwao.

"Una dawa ya kufungua tumbo?"

"Tumbo la nani?"

"La mtu asiye na tumbo."

Kesarbai akacheka kwa pua. "Basi nimemjua."

Akamsagia matunda matatu makavu, machungu kama maneno ya wifi. "Akienda kulala, kijiko kimoja na maji ya vuguvugu. Kimoja, usikisahau hicho. Alfajiri anywe maji ya moto kidogo, bakuli zima. Maziwa atiliwe samli, maana matumbo yake yamekauka, upepo umeyajaa. Ale mchicha, ale papai. Atembee. Na tumbo likimwita, aende. Hilo la mwisho ndilo dawa, mengine yanalisindikiza tu."

"La mwisho hataliweza."

"Basi usinipotezee unga wangu."

Mwanamkasi aliwaza njia nzima. Alipofika akapiga magoti. "Mwinyi wangu, ni kweli umelogwa. Dawa nimeipata. Ukienda kulala, kijiko kimoja cha unga huu, kimoja tu. Kila alfajiri, lango likiwa limefungwa, unywe, uzunguke ua mara saba, kisha uingie kule ng'ambo ukautoe uchawi. Uketi hata utoke."

Jumbe akakubali pale pale. Kulogwa aliona fahari. Kuwa mtu kama sisi ndiko kulikomshinda.

Mwanamkasi akawa anamfungia lango, anamchemshia maji, anamsagia mchicha ndani ya mchuzi hata usionekane. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano, kimya, na mwezi unakonda. Siku ya nane Jumbe alitoka kule ng'ambo na uso wa mtoto aliyenyonya akashiba. Siku hiyo mwizi wa mbuzi alisamehewa, akapewa na mbuzi.

Mnadhani Mwanamkasi alipewa nini? Aliitwa.

"Mwanamkasi, wewe unajua."

"Najua nini, Mwinyi?"

"Nilikokuwa alfajiri."

"Miaka thelathini nimekaa jikoni kwako. Umenisikia nimesema nini?"

"Hujasema. Lakini unajua."

Kingwaru akaongeza, "Na watu wanangoja kumwona mchawi akitoka."

Mwanamkasi alitoka kabla mwezi haujaandama, na mkeka wake na mwiko wake. Mfuko wa unga Jumbe akabaki nao.

Sasa hapakuwa na wa kufunga lango wala wa kuchemsha maji. Mpishi mpya akapika nyama na wali mweupe. Jumbe akasema, dawa si ninayo? Akabwia kijiko kimoja, akakaa kitini. Akabwia vitatu, akakaa kitini. Siku ya kupokea wageni wa miji saba akabwia sita, akavaa joho jeupe, akakaa kitini.

Safari hii tumbo halikuita. Lilikuja lenyewe.

Miji saba iliona. Miji saba ilinusa. Na watu wa Fungujuu wakasemaje? Kwamba Jumbe naye ni mtu? Thubutu. Walisema Mwanamkasi amemloga kutoka mbali, wakaenda wakakichoma kibanda chake.

Habari ilimfikia akichuma mchicha katika kijiji cha watu. Akauliza, "Alikunywa vingapi?"

"Sita."

"Nilisema kimoja," akasema, akaendelea kuchuma.

Basi, tumbo likiita, nendeni, hata kama wageni wapo. Na mkimponya mkubwa aibu yake, fungeni mizigo kabla hajapona, maana hatawasamehe kwa kuijua.

Kisa changu nimekianika hapo. Anayekitaka akianue, asiyekitaka na kinyeshewe.