Kigae cha Bibi Mbodze

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, mvua ilikisahau kijiji kimoja. Mto ukawa mchanga mtupu. Nyasi zikakauka, maua yakaisha. Watu wakachimba kisima katikati ya mchanga, wakachota kidogo kidogo. Chota, subiri. Chota, subiri. Kila nyumba ikapata mtungi mmoja tu.

Siku moja nyuki wakaja. Vuuu! Vuuu! Nao walikuwa na kiu. Wakajaa kisimani, wakamuuma mtoto wa Ngumbao hata akavimba macho.

Ngumbao akawaka. "Mti ule wa mgunga wenye mizinga yao tunauchoma leo!"

Bibi Mbodze, mkulima wa maboga, mkongwe kuliko wote, akasema taratibu, "Pole, baba. Mtoto kaumia kweli. Lakini niacheni niwatoe nyuki kisimani."

"Kwa moshi?"

"Kwa maji."

Watu wakacheka. "Sisi midomo imepasuka, Bibi anakaribisha wageni!"

"Ni maji yangu. Sitaomba ya mtu."

Akachukua kigae cha mtungi uliovunjika, akakitia maji, akakiweka kando ya kisima. Nyuki wakatua. Wakazama!

Ngumbao akapiga makofi. "Ahsante, Bibi! Kumbe unatusaidia kuwaua!"

Bibi hakukasirika. Akapanga kokoto ndani ya kigae. Sasa nyuki wakasimama juu ya kokoto, wakanywa.

Kila asubuhi akakisogeza kigae kidogo kuelekea kwenye mgunga. Sogeza, mimina. Sogeza, mimina. Nyuki wakakifuata, vuuu, mpaka kisima kikawa kimya na watoto wakachota bila hofu.

Asubuhi moja Bibi hakutoka. Ngumbao akaenda kumtazama. Alimkuta amelala, midomo mikavu, mtungi mtupu.

"Bibi! Maji yote umewapa wao?"

"Wangerudi kisimani," Bibi akanong'ona. "Nawe ungewachoma."

Ngumbao akainamisha kichwa. Akakimbia kwake, akaleta mtungi, akamnywesha polepole.

"Kuanzia kesho, kigae ni zamu yangu," akasema. "Ila wakiniuma, nakuja kukushtaki kwako mwenyewe."

Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Hatimaye mvua ikanyesha. Chwaaa! Watu wakapanda maboga. Ng'ambo ya mto, ambako mizinga yote ilikuwa imechomwa, maua yalichanua, yakanyauka, yakaanguka. Boga hata moja halikushika. Upande wa Bibi, nyuki waliingia ua hili, wakatoka, wakaingia lile. Vuuu! Maboga yakavimba kama mitungi, watu wakala, wakawagawia na majirani wa ng'ambo.

Bibi akampa boga la kwanza yule mtoto wa Ngumbao.

"Kula, mjukuu wangu. Aliyekuuma ndiye aliyekulimia."

Wajukuu, ukame ukija, kiu haiwi ya watu peke yao. Mnapogawana maji, wakumbukeni na wale wasioweza kubisha hodi.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye kigae. Kitieni maji.