Mlango wa Mji na Kanzu ya Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Wanaume wa kule nyuma sijawasikia. Au mmeambiwa hadithi ya leo ni ya mambo ya kike, mkaanza kutazama kucha? Itikieni vizuri, nyote mlipita huko huko. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana ujinga wake bado tunao, palikuwa na kijiji kilichozungushiwa boma la miti. Boma lilikuwa na mlango mmoja mzito, na wenyewe kijiji chao walikiita Mji. Tuseme walijipenda. Jumbe wao aliitwa Mwinyimvua, mtu wa kifua mbele. Ubavuni pake alikaa mshauri wake, Mzee Kingaru. Kingaru alijua kila kitu, na asichokijua alikisema kwa sauti zaidi.

Na palikuwa na Bi Ruzuna, mkunga. Kikongwe kidogo, mikono mikavu, maneno makavu zaidi. Nusu ya watu wa pale walipokelewa na mikono ile. Akimkuta mzee anajitapa barazani humwambia, "Taratibu baba, mimi nilikuona ulivyoingia."

Siku moja, jogoo la kwanza, Mashavu mke wa Jumbe akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza. Bi Ruzuna akaitwa, akaingia ndani. Jua likachomoza, likapanda. Jumbe akasimama nje ya dirisha.

"Vipi huko?"

"Mlango wa mji bado haujafunguka," akajibu Bi Ruzuna. "Subiri."

Jamani, mwanamke yeyote hapa anaujua mji huo. Ni mji wa mimba, anamolala mtoto, nao una mlango wake. Lakini Jumbe alimtazama Kingaru, na Kingaru akatazama boma.

"Kumbe ni mlango tu," akasema Kingaru.

Wakaitwa vijana wanne wenye nguvu. Wakaung'oa mlango wa boma, kwaa! Ukaanguka, puu! Mbuzi wakatoka, tiki tiki tiki, wakaenda zao. Nyani wakaingia, tipu tipu tipu, mpaka kwenye mahindi. Wanawake wakawafukuza kwa michi. Wazee wao walikaa barazani, wakingoja mtoto.

Jumbe akarudi dirishani. "Bi Ruzuna, mlango tumeufungua."

"Mlango gani?"

"Wa mji."

Halafu kikasikika kicheko. Alicheka Bi Ruzuna, na katikati ya uchungu wake, Mashavu naye alicheka.

Kicheko kile kiliwauma. Mwanamume mwingine ukimcheka hukasirika akaenda kulima. Kingaru alikasirika akakumbuka mila.

"Mlango uko wazi na mtoto hatoki," akasema. "Basi kuna jina limefichwa."

Mila yenyewe ilikuwa hii. Mwanamke akichelewa kujifungua, ati amelala na mwanamume mwingine na hajamtaja. Amtaje, mtoto atoke. Asipomtaja mpaka alasiri, anatolewa nje ya boma na uchungu wake, avuke mto arudi kwao. Wawili walishatolewa hivyo. Hakuna aliyefika ng'ambo.

Mashavu alisikia kila neno. Akamshika Bi Ruzuna mkono.

"Bibi, nitamtaja nani mimi? Sina hata mmoja." Akalia.

"Usimtaje mtu," akasema Bi Ruzuna. "Pumua." Akatoka nje, mikono kiunoni, na hasira zimemjaa.

"Mzee Kingaru, mtoto hukaa wapi?"

"Tumboni. Humo humo kwenye ugali."

"Una watoto saba na hili hulijui. Ugali una mfuko wake. Mkojo una mfuko wake. Mtoto ana mji wake, nyuma ya huo wa mkojo. Bila mimba mji ni mdogo, hauzidi ngumi yangu. Umekaa kama kibuyu kilichopinduliwa, shingo chini. Kushoto na kulia kuna vifuko viwili vya mayai, na kila mwezi yai moja..."

"Mayai?" Kingaru akawageukia wenzake. "Mke wangu si kuku."

"Na wewe si jogoo, lakini unawika. Yai likikutana na mbegu, mji unalilea. Lisipokutana na mbegu, mji unatandua matandiko uliyoyaandaa, ndiyo ile damu ya mwezini, kisha unatandika upya. Leo mji unabana, unaachia. Unabana, unaachia. Na shingo yake inafunguka kidogo kidogo. Kwa mimba ya kwanza, kutwa nzima si ajabu. Shingo ile haisikilizi majina."

"Mila ni mila," akasema Jumbe. "Jua likigusa paa la baraza, anatoka."

Sasa pale barazani ilitundikwa kanzu mpya ya Jumbe, aliyoshonewa kwa sherehe ya mtoto. Fundi alikuwa hajaimaliza. Shingo ilikuwa nyembamba, na kifuani haijapasuliwa. Bi Ruzuna akaitazama. Akamtazama Jumbe.

"Sawa, baba. Lakini ukienda kumtoa mkeo mbele za watu, vaa upendeze."

Jumbe alipenda kupendeza. Mikono ikaingia. Kichwa kikaingia. Kikafika shingoni, kikakwama. Kingaru akashika pindo, akavuta: haya, haya, haya. Masikio yakanasa. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki.

"Nimekwama," ikasema kanzu.

"Basi taja," akasema Bi Ruzuna.

"Nitaje nini?"

"Shingo imekataa kufunguka. Mmesema wenyewe, kuna jina limefichwa."

"Bi Ruzuna, sipumui."

"Unapumua, unaongea. Taja."

Jumbe akarusha mateke. Jasho likamtiririka, kitambaa kikamganda puani. Mtu akikwama, uongo haumjii upesi.

"Tausi," ikasema kanzu.

"Sema usikike."

"Tausi. Mke wa Kingaru."

Kingaru akaacha kuvuta pindo.

"Na shingo imefunguka?" akauliza Bi Ruzuna.

"Haijafunguka."

"Wazee, mmesikia. Jina limetajwa, tena la kweli, na shingo iko vile vile."

Ndani, Mashavu akaita, "Bibi, anakuja." Bi Ruzuna akageuka, akamwacha Jumbe na kanzu yake, na Kingaru na mawazo yake.

Mji ukabana, ukaachia. Ukabana, ukaachia. "Sasa sukuma, mwanangu." Ngaa! Ngaa! Mtoto wa kike.

Bi Ruzuna akatoka naye mkononi. Jua lilikuwa halijagusa paa. Kingaru hakuwepo, ameondoka bila viatu. Jumbe alikuwa amekaa chini, bado kanzuni.

"Kidevu kifuani," akamwambia. "Geuka ubavu kidogo. Usishindane na shingo, ifuate. Huyu binti yako kafanya hivyo hivyo, na hakufundishwa na mtu."

Jumbe akatii. Chwap! Kichwa kikatoka, kimelowa, macho yanapepesa. Bi Ruzuna akamweka mtoto karibu yake. Pua ile ile, masikio yale yale yaliyochomoza. Hata mgeni wa njiani angejua baba ni nani.

Tausi? Tausi alipashwa habari na wanawake wenzake, akawahi kuvuka mto na mzigo wake kichwani kabla Kingaru hajafika nyumbani. Akafika ng'ambo salama.

Jumbe akataka kuingia kumwona mkewe. Mashavu akasema kutoka kitandani, sauti imechoka lakini inasikika barazani:

"Mwambieni Jumbe mlango wa mji umeshafunguka. Apite."

Wote wakatazama boma. Lango wazi, mlango bado chini pale walipouangusha wao. Jumbe akapita. Alisema anakwenda kutafuta mbuzi. Naona bado anawatafuta.

Bi Ruzuna amekufa, Mungu amrehemu. Mila ya kutaja ilimtangulia kaburini. Mzee yeyote wa pale akija mlangoni pa mwenye uchungu kuulizia majina, wanawake humletea kanzu nyembamba wakamwomba aijaribu kwanza. Mara hukumbuka ana shughuli shambani.

Basi usiutungie sheria mlango usioujua, hasa kama ndio uliokuleta.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wanaume wa nyuma, kucha zenu ziacheni sasa, nendeni mkaurudishe mlango wa boma.